Safu ya Waliopotea

Walituita Jumanne, saa tatu, ghorofa ya tatu,
na lifti imekufa tangu Ramadhani.
Chengo akamtoa Dama kwenye kiti cha magurudumu,
akamlaza begani: miaka tisa, kilo ishirini na mbili.
Mamake nyuma na mashine ya makohozi,
mimi nyuma yake na mtungi wa hewa,
ngazi thelathini na sita, nilizihesabu,
ndipo Kerubo wa utafiti akasikia tunavyohema,
akateremka mbio, fomu kifuani.
Rudini, akasema, rudini chini. Kosa ni langu.
Meza akaibeba mwenyewe.
Hilo nalo liandike, nikamwambia.
Akaliandika.

Tukaketi kando ya dirisha la dawa,
feni moja, harufu ya jiki, sambusa mbili kwa kila mzazi.
"Katika miezi sita, mtoto amelazwa mara ngapi?
Tia alama kwenye kisanduku."
Nikafungua kaunta buku langu, la nne hili,
gamba limelowa dawa ya kifafa, kurasa zanata.
Maziwa mililita mia, kwa mpira wa puani.
Degedege, dakika saba. Degedege, dakika mbili.
Usiku wa manane, Majengo yote kiza,
la, kwangu tu: tokeni ziliisha,
mashine ikanyamaza, Aboud akaanza kukoroma maji,
nikamtia mdomo puani nikavuta, nikatema,
nikavuta, mpaka rangi ikarudi kwenye kucha.
Hakulazwa.
Kwa hiyo niandike sufuri?

Kerubo akaweka kalamu chini.
Basi semeni ninyi, tupime nini?

Tukanyamaza, wala si kwa adabu.
Miaka yote tunaloulizwa ni kadi ya bima i wapi,
na mama, hebu mshike miguu.
Swali likakaa mezani kama mgeni
asiyejulikana kaja kwa nani.

Chengo ndiye aliyekohoa kwanza.
Pimeni mgongo wangu, akasema.
Mtoto anaongezeka uzito, mimi siongezeki.
Mamake Dama akataka ihesabiwe
ni nani humshikia mtoto akienda chooni.
Mimi nikasema: cheko.
Spika ya msikiti inapobofya tu,
kabla mwadhini hajavuta pumzi, Aboud hucheka.
Siku asipocheka, homa i njiani.
Daktari huiona kesho yake.

Bi Mwanatumu hakuwa na mtoto mapajani.
Alizipitia karatasi polepole, kidole chini ya kila mstari,
kidole kikasimama.
Hapa, nambari kumi na saba. Mumeandika: waliopotea.
Kerubo akaeleza kuwa ni neno la kazi tu,
ni wale ambao hatukuwapata tena.
Hakupotea, mwanangu. Najua alipo.
Kikowani, safu ya pili kutoka ukutani,
upande ule palipochorwa tangazo la rangi.
Alhamisi nilimzika. Ijumaa mkapiga simu
kuuliza mbona hatukuja kliniki.
Niliipokea. Niliwaambia.

Feni ikazunguka.
Kerubo hakusema pole. Alimpa kalamu.
Bi Mwanatumu akalikata neno kwa mstari mmoja,
akaandika juu yake, taratibu, kama anayetia hina:
Twaiba. Miaka sita. Alipenda kupulizwa shingoni.

Wiki tatu baadaye fomu ikaja mpya,
chini kabisa, mlango wa kwanza, kiti kinaingia.
Swali la kwanza ni letu:
"Jana usiku ulilala kwa saa ngapi?"
Nikashika kalamu nijibu.
Wanasema niliandika nusu ya tarakimu.
Wanasema Kerubo alizima simu yake,
akampakata Aboud hadi adhuhuri,
na spika ilipobofya
waliocheka walikuwa wawili.